Bwawa likigeuka kijani, usikimbilie ndoo ya klorini

Bwawa la kuogelea la nyumbani linaweza kulala la buluu likaamka la kijani. Mwenye bwawa uani kwake, awe Njiro au Usa River upande wa Arusha, au Shanty Town ya Moshi, anajua kinachofuata. Kijana wa bustani anatumwa dukani, ndoo ya klorini inafunguliwa, dawa inamwagwa kwa makadirio ya kikombe, kisha watu wanasubiri. Pengine maji yanapauka kidogo. Siku chache baadaye ukijani unarudi, safari hii na ukungu mzito kiasi kwamba hata ngazi ya pili haionekani. Inanunuliwa ndoo nyingine.

Hela nyingi zinapotea hivyo, na maji mengi pia, kwa sababu mwisho wake huwa ni kulimwaga bwawa zima na kulijaza upya. Ukweli ni kwamba katika mabwawa mengi ya huku kwetu dawa si kidogo. Dawa ipo, ila haina nguvu. Kinachoinyima nguvu ni maji yenyewe tunayojazia, pamoja na mabaki ya dawa tulizotia miezi iliyopita. Mpaka mambo hayo mawili yapimwe, kuongeza klorini ni kubahatisha.

Tuanze na huo ukijani. Ni mwani, viumbe vya majini vidogo mno visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, vinavyoishi kwa mwanga wa jua na virutubisho vilivyoyeyuka majini. Mbegu zake huletwa na upepo, mvua, ndege na miguu ya watu, kwa hiyo hakuna bwawa la nje lisilofikiwa. Chakula chake ni naitreti na fosfeti, na hivyo hutoka kwenye vumbi, majani yanayooza, jasho, na mbolea ya bustani inayosombwa na mvua. Masika ya Machi hadi Mei yanaingiza udongo. Oktoba na Novemba mijakaranda ya Arusha inamwaga maua, na maua hayo yakiachwa yaoze kwenye kikapu cha mdomo wa bwawa ni karamu tosha. Moshi, iliyo chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, maji yake huwa ya uvuguvugu kuliko ya Arusha iliyo kwenye mita 1,400 hivi, na mwani kwenye maji ya uvuguvugu huzaana haraka zaidi.

Ukungu ni jambo jingine, ingawa mara nyingi vinakuja pamoja. Maji yanakuwa na ukungu kwa sababu yamejaa chembe ndogo zinazoelea: mwani ulio hai, mwani uliokufa, vumbi, au chokaa iliyoganda. Kwa hiyo kazi ni mbili. Kwanza mwani uuawe, halafu mizoga yake itolewe majini. Wengi hufanya ya kwanza, wakashangaa kwa nini maji yametoka kijani yakawa kama tui.

Maji ya Meru na nguvu ya klorini

Klorini ikiingia majini hujigawa sehemu mbili. Moja ni asidi ya hipoklorasi, ambayo ndiyo inayoua. Nyingine ni hipokloraiti, ambayo ni dhaifu sana ikilinganishwa na mwenzake. Kiasi cha kila moja kinaamuliwa na pH, namba inayoonyesha kama maji yameegemea asidi (chini ya 7) au magadi (juu ya 7). Maji yakiwa na pH 7.2, karibu asilimia 70 ya klorini iko katika hali ya kuua. Kwenye 7.5 inabaki nusu. Kwenye 8 ni robo hivi, na kwenye 8.5 ni asilimia 10 tu. Soma tena namba hizo, kwa sababu ndizo zinazoeleza matatizo mengi ya mabwawa ya Arusha. Mtu mwenye pH 8.5 anayetia kilo tano za klorini anapata kazi ya chini ya kilo moja ya jirani yake mwenye pH 7.2.

Kwa nini Arusha hasa? Miteremko ya Mlima Meru ni ya volkano, na maji ya ardhini yanayopita kwenye miamba hiyo yanafahamika zaidi kwa floridi, ile iliyowapa watu wengi wa huku meno ya kahawia. Floridi haigeuzi bwawa kuwa kijani. Lakini maji hayohayo kwa kawaida hubeba pia bikaboneti ya sodiamu nyingi, ambayo ni ndugu wa magadi. Bikaboneti ndiyo inayopimwa kwa jina la ualkali. Bwawa linatakiwa liwe na ualkali wa miligramu 80 hadi 120 kwa lita, na kisima cha upande wa Meru kinaweza kuzidi 300 kwa urahisi. Maji ya namna hiyo yakikaa wazi, gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka humo kidogo kidogo, na kadiri inavyotoka pH hupanda. Unaishusha Jumatatu, Alhamisi imerudi juu. Wakati wa kiangazi maji yanakauka kwa jua, bikaboneti inabaki, na kila ukiongeza maji ya kisima unaongeza bikaboneti nyingine.

Mwani wenyewe haujali. Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yana maji ya magadi na bado yanashamiri mwani kiasi cha kulisha flamingo. Maji ya magadi yanaifunga mikono klorini, hayamzuii adui yake.

Moshi kuna nafuu. Maji ya chemchemi zinazotoka Kilimanjaro kwa kawaida ni mepesi zaidi. Lakini mwenye kisima chake mwenyewe, mji wowote, asidhani, apime.

Dawa ya kushusha vyote viwili, ualkali na pH, ni asidi. Inayopatikana kwa urahisi ni asidi hidrokloriki, na lita moja ya ile ya asilimia 32 hushusha ualkali wa bwawa la lita 50,000 kwa takriban miligramu 10 kwa lita. Ukihesabu utaona kwamba kutoka 300 hadi 120 ni lita 18. Usizitie kwa siku moja. Tia kidogo, lita moja au moja na nusu, pampu ikiwa inazunguka, subiri saa kadhaa, pima, kisha rudia kesho yake. Lengo la kwanza, kabla ya klorini yoyote, ni kufikisha pH kwenye 7.2. Ualkali utafuata taratibu ndani ya wiki kadhaa.

Kinga ya jua inayogeuka pingu

Jambo la pili limejificha zaidi, na naona mafundi wachache mno wanaolipima. Jua huua klorini. Katika maji yasiyo na kinga, jua kali la mchana linaweza kuondoa nusu ya klorini ndani ya saa moja, na sisi tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Ndiyo maana klorini nyingi za mabwawa huuzwa zikiwa zimeunganishwa na asidi sayanuriki, ambayo huishika klorini isiharibiwe na jua. Ile ya vidonge au chenga iliyoandikwa TCCA 90 kwenye ndoo ni ya aina hiyo.

Tatizo ni kwamba klorini inatumika ikaisha, asidi sayanuriki haiishi. Jua haliiondoi, wala haikauki na maji. Kila miligramu 10 za klorini kwa lita unazotia kwa TCCA huacha miligramu 6 za asidi sayanuriki. Bwawa linalokula miligramu 2 za klorini kwa lita kila siku, kiwango cha kawaida kabisa, linaongeza karibu 36 kwa mwezi. Miezi mitatu ya kiangazi, bila mvua ya kuzimua, inatosha kupita 100, wakati kiwango kizuri ni kati ya 30 na 50. Ikipita hapo, inaishika klorini kwa nguvu kiasi kwamba haiiachii ikafanye kazi. Kipimo kinasoma klorini 3, kila mtu anaridhika, na mwani unaendelea kustawi.

Kuna kanuni ambayo watunza mabwawa hutumia: ili kuua mwani uliokwisha kushika, klorini huru, yaani ile ambayo bado haijaungana na uchafu, ifikie kama asilimia 40 ya kiwango cha asidi sayanuriki, na ikae hapo. Chukua bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 1.5. Zidisha: mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Kama asidi sayanuriki ni 30, unahitaji miligramu 12 za klorini kwa lita, sawa na gramu 900 hivi za kalsiamu hipokloraiti ya asilimia 65. Kama ni 100, unahitaji 40, na hapo ni karibu kilo tatu kwa dozi moja, na dozi hiyo itarudiwa kila inaposhuka. Bwawa ni lilelile na mwani ni uleule, ila gharama imezidi mara tatu.

Kipimo chake ni rahisi. Maji ya bwawa huchanganywa na kimiminika kinachoyafanya yawe meupe, kisha unayamimina taratibu kwenye kichupa kirefu mpaka nukta nyeusi iliyo chini isionekane tena. Kikomo cha maji ndicho kinachosomwa. Kikiwa juu ya 100, hakuna dawa ya kuipunguza unayoweza kuitegemea. Njia ni kutoa sehemu ya maji na kuingiza mapya.

Kwa sababu hiyohiyo, wakati wa kupambana na ukijani tumia kalsiamu hipokloraiti, siyo TCCA. Haiachi asidi sayanuriki nyuma. Inaongeza kalsiamu, lakini maji ya Meru yenye bikaboneti nyingi mara nyingi yana kalsiamu kidogo, kwa hiyo nafasi ipo.

Hapa niseme jambo ambalo linaniumiza. Kazi hii katika nyumba nyingi hufanywa na kijana wa bustani ambaye hajaelekezwa na mtu, hana glavu, hana miwani, na anachota dawa kwa kikombe kilekile. TCCA na kalsiamu hipokloraiti zikikutana zikiwa kavu au mbichi kidogo zinaweza kushika moto au kulipuka. Asidi ikikutana na klorini yoyote inatoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Kila dawa iwe na kikombe chake, ndoo yake na rafu yake, asidi ikae mbali na klorini, na dawa ndiyo iingizwe kwenye maji, kamwe si maji kumwagwa juu ya dawa. Kati ya asidi na klorini pitisha saa kadhaa pampu ikizunguka. Mnunulie glavu na miwani, na umweleze sababu, siyo amri tu.

Na bwawa likiwa la kijani au la ukungu, mtu yeyote asiingie. Vijidudu ni sababu moja. Kubwa zaidi ni kwamba mtoto akizama kwenye maji yasiyoonyesha chini, anayemtafuta hamwoni hata akiwa mita moja mbele yake. Funga geti.

Kuua, kisha kutoa

Ukishapima na pH imefika 7.2, anza kwa kutoa majani na tope kwa wavu, kwa sababu kila jani linaloachwa linakula klorini iliyokusudiwa mwani. Piga brashi kuta zote, ngazi na kona. Mwani ukishika ukuta hujitengenezea ukoga unaoteleza, na dawa haipenyi mpaka ukoga huo uvunjwe. Halafu subiri jua lizame. Dozi ya jioni ina usiku mzima wa kufanya kazi bila jua kuipunguza. Yeyusha dawa kwenye ndoo ya maji, imwage kuzunguka kingo, na uache pampu izunguke mfululizo, siyo saa nne au tano kama siku za kawaida. Umeme ukikatika, koroga kwa brashi ndefu na uwashe pampu mara tu unaporudi. Maji yaliyosimama usiku kucha yanaupa mwani nafasi ya kupumua.

Asubuhi pima tena. Kama klorini imeshuka karibu na sifuri usikate tamaa, maana imetumika kuua. Tia tena jioni. Rangi inapobadilika kutoka kijani kwenda kijivu, au buluu iliyofifia yenye ukungu, mwani unakufa. Bwawa ambalo chini bado kunaonekana kwa shida linaweza kuchukua siku mbili tatu. Lililokuwa zito kama kisamvu huchukua wiki, wakati mwingine zaidi.

Chunga kipimo chenyewe. Kile cha matone ya rangi ya waridi, klorini ikiwa nyingi sana, rangi hutokea kisha ikafutika, na anayesoma anadhani hamna kitu. Punguza sampuli kwa maji safi nusu kwa nusu, kisha zidisha jibu kwa mbili. Na kipimo cha pH nacho hudanganya klorini ikiwa juu, ndiyo maana pH ipimwe kabla.

Utajuaje kwamba mwani umekwisha na si kupungua tu? Pima klorini jua likizama, pima tena kabla halijachomoza. Usiku hakuna jua la kuila. Ikiwa imeshuka zaidi ya miligramu 1 kwa lita, kuna kitu hai au kichafu kinachoila bado. Ikiwa haijashuka hivyo, kuua kumekwisha. Harufu kali ya klorini, kwa njia, haithibitishi chochote kizuri. Harufu ile na macho kuwasha hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo, dalili kwamba klorini huru ni pungufu.

Sasa utabaki na maji meupe. Filta ya mchanga hunasa vizuri chembe za kuanzia mikroni 20 au 30 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na mwani uliokufa mara nyingi ni mdogo kuliko hapo. Unapita kwenye mchanga na kurudi bwawani. Angalia geji ya filta. Mgandamizo ukipanda kama nusu ya baa juu ya ule wa filta safi, fanya ile ambayo mafundi huiita bekiwoshi, yaani kurudisha maji nyuma kuusafisha mchanga. Kufanya kila saa ni kujichosha: mchanga wenye uchafu kidogo hunasa vizuri kuliko uliosafishwa sasa hivi. Na kama fundi alikujazia mchanga wa mtoni kwa kuwa ni wa bei nafuu, hapo ndipo tatizo lako lilipo. Mchanga wa filta ni wa kuchekechwa, punje zake zikiwa karibu sawa.

Subira ikishindikana, kuna shabu. Ni ileile ambayo wengi wetu tuliwaona wazee wakikoroga kwenye pipa la maji ya mtoni ili tope lizame, na bwawani inafanya kazi hiyohiyo: chembe zinashikana, zinakuwa nzito, zinashuka. Kwa bwawa letu la lita 48,000, kilo moja hadi mbili, iliyoyeyushwa ndooni na kusambazwa juu ya maji. Geuza vali maji yazunguke bila kupita kwenye mchanga kwa saa moja hivi, kisha zima pampu na uache usiku kucha. pH lazima iwe kati ya 7 na 7.5. Ikizidi 8, shabu huyeyuka badala ya kuganda, na utakuwa umeongeza ukungu kwa hela yako. Asubuhi utaona chini kumetandikwa zulia laini la kijivu. Lifyonze polepole sana, vali ikiwa kwenye njia ya kutoa maji nje, siyo kwenye filta. Ukiharakisha zulia linatimka na unaanza upya. Maji yatapungua, jazia, pima pH upya.

Watu wa mkoa wa Kilimanjaro waliokulia kwenye kahawa huuliza kuhusu mrututu, kwa sababu shaba ni dawa yao ya siku nyingi dhidi ya kutu ya majani, na ni kweli shaba huua mwani. Siishauri. Shaba haitoki majini. Inajirundika, pH ikipanda inaganda na kupaka kuta madoa ya buluu na meusi, na nywele za rangi nyepesi huwa za kijani. Maji hayo yakimwagwa kwenye mfereji, samaki na viumbe vidogo hufa kwa kiwango kidogo sana cha shaba.

Shaba inatukumbusha pia kwamba si kila kijani ni mwani. Chota maji kwenye glasi, iweke mbele ya karatasi nyeupe. Kama maji ni ya kijani lakini angavu, hayana chembe, na kuta hazitelezi, shuku madini: shaba iliyotokana na dawa au mabomba, au chuma cha kisima, ambacho klorini hukigeuza kuwa cha kahawia. Kumwagia klorini maji ya namna hiyo huzidisha rangi. Yanahitaji dawa ya kushika madini, au kubadilishwa.

Kabla ya kuogelea tena, wavu wa tundu la chini, kwenye kina kirefu kabisa, uonekane wazi ukiwa umesimama ukingoni, pH iwe kati ya 7.2 na 7.8, na klorini iwe imeshuka mpaka miligramu 3 hivi.

Na ikiwa asidi sayanuriki ilipita 100, badili maji, lakini usilimwage bwawa lote, hasa masika. Ardhi ikishiba maji, bwawa tupu husukumwa kutoka chini na linaweza kupasuka au kuinuka. Toa nusu. Acha klorini ife juani kwa siku mbili tatu kwanza, ndipo uyaelekeze maji kwenye nyasi, mbali na mfereji wa kumwagilia migomba na mbali na mto. Jaza, zungusha siku nzima, kisha pima. Iliyokuwa 120 isome karibu na 60, na hesabu ya klorini ianzie kwenye namba hiyo mpya.